Mtoto Aliyekataa Ziwa

Ndugu wasikilizaji, wiki hii sitazungumza juu ya bei ya karafuu wala mashimo ya barabara. Nataka tukae kitako na jambo dogo, lenye ukubwa wa ncha ya kidole: mdomo wa mtoto mchanga. Khasa mdomo wa yule mtoto ambaye mama humweka kifuani, chuchu ikamgusa, naye akageuza uso, au akafumbua mdomo na kulala, au akavuta mara mbili akapaliwa na kubadilika rangi. Sisi huku Bububu tuna maneno matatu kwa hali hiyo: mtoto kakataa ziwa. Maneno hayo yanamtia mtoto hatiani kwa jambo asilolitenda. Kukataa ni kazi ya mtu mwenye hiari. Huyu hajaweza, na kwa sababu tumemwita mkataa, tumemfanyia mengi kinywani mwake ambayo hakustahiki.

Wengi wetu tunadhani kunyonya ni kama kupumua, mtoto huja nako. Kwa kiasi ni kweli. Akiwa bado tumboni huvuta kidole chake. Lakini kushiba kwa ziwa ni kazi tatu zinazokwenda pamoja: kuvuta, kumeza na kuchukua pumzi. Ulimi ulikunje ziwa na kulikandamiza juu ya kaakaa, maziwa yasogee nyuma, njia ya pumzi ifungwe kwa nukta, maziwa yamezwe, njia ifunguliwe, kisha yote yaanze upya, takriban mara moja kila sekunde. Mpangilio huo haukomai mpaka mimba ifike wiki ya 32 hadi ya 34, na kwa wengine baada ya hapo. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 ana mdomo, ana ulimi, ana njaa, ila kazi tatu zile hazijajuana. Wapo na wengine waliotimiza miezi yao nao hawawezi: aliyechoka kwa uzazi mgumu, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, mwenye misuli legevu, mwenye mdomo sungura au kaakaa lililo wazi.

Historia ya mambo haya haikuandikwa sana, kwani walioyajua walikuwa wanawake na walioshika kalamu walikuwa wanaume. Bahati yetu watu wa upande huu wa Unguja ni kwamba mwanamke mmoja aliandika, na alikuwa jirani yetu. Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, na kwa muda aliishi hapa hapa Bububu, kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866 na kuwa Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, kina sura juu ya kuzaliwa na miaka ya mwanzo ya watoto wa kifalme: namna walivyoviringwa nguo, siku arubaini, kunyolewa nywele, na wanawake waliowanyonyesha.

Wengi wa wanyonyeshaji hao walikuwa watumwa. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa Unguja mpaka mwaka 1897. Dini ilimpa mnyonyeshaji heshima kubwa, kwani ziwa linaleta undugu unaoharimisha ndoa kama undugu wa damu. Hata hivyo kila niisomapo sura ile najiuliza mtoto wa yule mnyonyeshaji alinyonya saa ngapi, na nani aliyemtazama alipolia. Salme mwenyewe hakusalimika na machungu ya watoto wachanga. Mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa Aden mwezi wa Disemba 1866, hakufika Ujerumani akiwa hai.

Lakini mnyonyeshaji ni dawa ya mama asiyekuwa na maziwa. Mtoto asiyeweza kuvuta, ziwa la mama yake na ziwa la mwengine kwake ni mamoja, yote mawili yatamshinda. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana mikono yao haikuishia kwenye ziwa. Iliingia mdomoni.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa upole. Waislamu wanajua tahniki: tende iliyolainishwa hupakwa juu ya kaakaa la mtoto aliyezaliwa punde. Habari yake mashuhuri ni ya Abdullah bin Zubeir, mtoto wa Asma binti Abubakar, aliyezaliwa Quba baada ya Hijra, akapelekwa kwa Mtume, naye akatafuna tende na kumpaka kaakaani. Mimi si mwanachuoni wala sitoi fatwa. Natazama kidole tu. Kidole kikipita juu ya kaakaa la mtoto mzima, mtoto hufunga midomo na kuvuta. Mama yeyote aliyewahi kushuhudia anaweza kukusimulia. Na utamu nao una kazi yake. Mwaka 2013 madaktari wa New Zealand walitangaza kwamba dawa ya sukari iliyo kama utomvu, ikisuguliwa ndani ya shavu la mtoto mchanga ambaye sukari yake ya damu imeshuka, humsaidia kuipandisha. Tahadhari ni hii: mate ya mtu mzima hubeba maradhi, na mtoto njiti hana kinga. Anayetaka kufanya sunna kwa mtoto wa namna hiyo na amuulize daktari kwanza, wala hatopungukiwa na dini yake.

Mkono wa pili ulishika kisu, na hapa nitakaa zaidi, maana hapa watoto wamekufa.

Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika au akikohoa, watu humfungua mdomo na kuangalia ndani. Ukimfungua mdomo mtoto anayelia utakiona kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kila binadamu anacho. Lakini jicho lenye wasiwasi hukiona kirefu, chekundu, kimeshuka. Basi huitwa fundi. Mtoto hushikwa kichwa na mikono, chombo hupitishwa, kinyama hukatwa, damu humezwa. Baada ya hapo mara nyingi mtoto hunyamaza, na waliohudhuria wakasema amepata nafuu. Amenyamaza kwa maumivu na kwa kupungukiwa na damu. Mahospitali yetu yamepokea watoto wa namna hii kwa miaka mingi: wanaovuja damu bila ya kukatika, wenye usaha kooni, wenye pepopunda. Wala desturi hii si yetu peke yetu. Inajulikana kutoka Afrika ya Magharibi mpaka Ethiopia. Popote palipo na mtoto asiyenyonya, kile kinyama kisicho na hatia hushukiwa.

Kimeo ni la kale. Miaka ya 1980 likavuma jengine ambalo hata mababu hawakulijua: meno ya plastiki, wengine wakiyaita meno ya nailoni. Lilienea Tanzania Bara kama uvumi unavyoenea katika basi, na Uganda wanalo la kwao wanaloliita ebino. Mtoto akiharisha, akipata homa au akashindwa kunyonya, hutazamwa ufizi. Pale yatakapotokea machonge pana uvimbe mdogo, weupe kidogo, ambao kila mtoto anao. Fundi huupasua, hutumbukiza kitu chenye ncha, huchomoa kijidude laini cheupe na kumwekea mama kiganjani: hili hapa, plastiki. Mama anaona kwa macho yake. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulishinda kwa maneno. Fundi ana ushahidi, na daktari ana hotuba tu. Kumbe kile kijidude ni jino la mtoto ambalo halijakomaa. Mwaka 1991 madaktari wa meno Matee na van Palenstein Helderman waliandika juu ya watoto wa Kitanzania waliong'olewa meno hayo na kasoro walizobaki nazo, na mwaka 1997 Kikwilu na Hiza nao wakachunguza ukubwa wa desturi hii na sababu zinazoiendesha. Ukimwona mtu mzima amekosa chonge au jino lake limetoka upande, yumkini ulipita mkono hapo kabla hajajua kusema.

Sitaki kuwakejeli akina mama hao. Mama aliyempeleka mwanawe kwa fundi hakufanya ukatili. Alikuwa na mtoto anayenyauka mbele yake, na fundi ndiye mtu wa kwanza aliyekubali kumfungua mtoto mdomo na kuutazama. Nimewahi kukaa katika ukumbi wa wagonjwa, wapi sitotaja, nikamsikia mama akiambiwa "mnyonyeshe tu, atazoea" na mtu aliyevaa sare, ambaye hakumgusa mtoto wala hakusubiri kumwona akinyonya hata mara moja. Baina ya anayeutazama mdomo na kukosea, na asiyeutazama kabisa, maskini wa Mungu atakwenda kwa nani?

Chombo cha tatu kilichoingia kinywani ni chupa, na ili niieleze chupa sina budi kuanza na maji. Bububu ni mji wa chemchem. Wapo wasemao hata jina lake ni mlio wa maji yakibubujika. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeyapeleka maji ya chemchem za huku mpaka mjini. Mji ulikuwa ukitegemea visima, na kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Dakta James Christie, aliyekuwa akitibu hapa wakati huo, aliandika kitabu juu ya vipindupindu vya Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1876. Kwa hivyo tangu zamani watu wa Unguja wamejua kwa maiti zao kwamba kinywaji kinaweza kuua.

Katika miaka ile ile ya 1880 ambayo Barghash alikuwa akisambaza maji, daktari mmoja wa Paris, Étienne Tarnier, alikuwa akiwaweka watoto njiti katika sanduku la joto na kuwapitishia maziwa kwa mpira mwembamba hadi tumboni. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa, na hadi leo mpira huo, ambao sasa hupitishwa puani au mdomoni, unaokoa watoto kila siku hapa kwetu. Ila mpira una tabia yake: humlisha mtoto kwa kuuruka mdomo. Tumbo hujaa na mdomo haujui. Mtoto akikaa nao wiki nne, siku ya kutolewa mpira ana uzito lakini ufundi hana, na pengine amekwisha kuchukia kila kitu kinachosogea karibu na uso wake, kwa sababu kila kilichosogea kilimuumiza.

Hapa Unguja huduma ya wazazi ilipangwa kwa kiasi kikubwa na Chama cha Uzazi cha Zanzibar, kilichoundwa mwaka 1918. Fedha zake nyingi zilitoka kwa Wahindi na Waarabu wenye mali, huku Waingereza wakitaka sauti iwe yao, na mvutano huo wa nani alipe na nani aamuru uliendelea hadi miaka ya 1940. Ni kisa kitamu, lakini cha siku nyengine.

Chupa ilikuja na sura ya maendeleo. Ilikuwa safi katika picha, mtoto wa kwenye kopo alikuwa mnene, na walioitangaza walivaa nguo nyeupe kama wauguzi. Kwa mtoto asiyeweza kunyonya chupa ilikuwa na hadaa ya ziada, kwani maziwa yanashuka yenyewe. Mtoto dhaifu hana haja ya kuvuta. Ana kazi ya kumeza haraka kabla hajapaliwa. Mama anaona chupa imekwisha na anashukuru. Hajui kwamba mtoto anajifunza mdomo wa chupa na kuusahau wa ziwa, wala kwamba ndani ya nyonyo ile ya mpira, iliyosuuzwa kwa maji ya ndoo, kimebaki cha kumharisha usiku.

Profesa Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere tangu 1959 hadi 1966, aliyaona hayo Kampala, na baadaye akayapa jina kali: utapiamlo unaoletwa na biashara. Mwaka 1974 Mike Muller akaandika kijitabu huko Uingereza kilichowaita wauza maziwa ya kopo wauaji wa watoto, na mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kuigomea Nestlé. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kuzuia matangazo ya namna ile, na Tanzania Bara ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Yote hayo yalikuwa mema. Lakini kanuni inamwambia mama asitumie chupa. Haimwambii amfanye nini mtoto ambaye ziwa linamshinda.

Jibu lililonifurahisha kuliko yote lilitoka Nairobi, na halikutaka mtambo. Katika wodi ya watoto njiti ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta chupa ziliachwa. Mama walifundishwa kukamua maziwa yao wenyewe, mtoto mdogo sana akayapata kwa mpira, na alipopata nguvu akapewa kwa kikombe. Kikombe cha kawaida, ndugu wasikilizaji. Dakta Rachel Musoke wa huko Nairobi aliyaandika mambo ya kuwalisha watoto hao mwaka 1990. Makala ya Waingereza wa Exeter juu ya kulisha kwa kikombe, ambayo ndiyo inayotajwa sana vitabuni, ilitoka 1994. Nayataja makusudi, kwa sababu tumezoea kudhani elimu hushuka uwanja wa ndege tu.

Kikombe kina siri yake. Mtoto hukalishwa wima mapajani, ukingo wa kikombe ukagusa mdomo wa chini, maziwa yakafika ukingoni na yakaishia hapo. Hayamiminwi. Mtoto hutoa ulimi akalamba kama paka, akapumzika, akalamba tena. Mwendo anaupanga yeye. Ulimi unafanya kazi, midomo inafanya kazi, na pumzi haikatizwi. Kusini mwa India walikuwa na chombo chao tangu zamani, paladai, kikombe kidogo chenye mdomo mrefu wa kudondoshea. Kikombe kina ubaya wake pia, nao ni subira: huchukua muda, maziwa mengine humwagika kwenye kanga, na uchunguzi mmoja wa Australia uliotoka 2004 ulionesha watoto wa kikombe walitoka hospitalini wakinyonya ziwa zaidi, lakini walichelewa kutoka. Hospitali yenye vitanda vichache haipendi kusikia hilo.

Wakati huo Bogotá, Kolombia, kulikuwa kumekwisha zaliwa fikra nyengine. Mwaka 1978 madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez, wakiwa na watoto njiti wengi kuliko masanduku ya joto, waliwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo tunayoiita leo njia ya kangaruu. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ni dawa ya nchi zisizo na fedha, na mtoto hakupewa kifua mpaka hali yake itulie. Kisha Muhimbili ikawa mojawapo ya hospitali za nchi 5, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizojaribu kumweka mtoto kifuani mara tu anapozaliwa. Walikuwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Matokeo yalitoka mwaka 2021: vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa 15.7 kwa mia kwa waliosubirishwa, na 12.0 kwa mia kwa waliowekwa kifuani mapema. Jaribio lilisitishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki tena kumnyima mtoto kifua. Na mtoto aliye kifuani, pua yake iko wapi? Karibu na ziwa. Ananusa, analamba, anajaribu bila ya kulazimishwa. Mdomo umerudishwa skuli.

Na sasa nafika kwenye tiba yenyewe ya mdomo, ambayo ndiyo iliyonifanya nichague mazungumzo haya. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kimarekani Peter Wolff alieleza kwamba mtoto ana mivuto ya namna mbili: wa kushiba, mmoja kwa sekunde, na wa kujiliwaza, miwili kwa sekunde. Huu wa pili huja mapema, kabla mtoto hajaweza kunyonya. Basi baadaye wakaanza kumpa mtoto wa mpira kitu cha kuvuta wakati maziwa yanapopita puani, ili tumbo na mdomo vijuane. Mwaka 2002 Sandra Fucile na wenzake walichapisha jaribio la watoto 32. Nusu yao walipapaswa mashavu, midomo, ufizi na ulimi kwa dakika 15, mara moja kwa siku, kwa siku 10, kabla hawajaanza kulishwa kwa mdomo. Hao waliweza kujilisha kikamilifu baada ya siku 11 kwa wastani. Wenzao walichukua siku 18. Mwaka 2011 Brenda Lessen akaufupisha mpango wa namna hiyo ukawa wa dakika 5. Wanaozipima tafiti hizi kwa pamoja wanasema nyingi ni ndogo na ushahidi wake haujawa imara, ila zinaelekea upande mmoja: siku za mpira hupungua.

Ukitazama yanayofanywa, utashangaa kwa wepesi wake. Mikono inaoshwa, kucha fupi. Kidole kinalikanda shavu taratibu kutoka sikioni kuja mdomoni. Kinazunguka midomo. Kinapita juu ya ufizi, pale pale fundi wa meno ya plastiki anapopasua. Kinagusa upande wa ulimi ili ulimi ukifuate. Mwisho kinatulia katikati ya kaakaa, mbele kabisa ya kile kimeo, na kinasubiri mtoto avute. Mtoto akikunja uso, akibadilika rangi au akashusha pumzi, kidole kinatoka. Nawasihi msiyachukue haya redioni mkaenda kumtia mtoto njiti kidole. Kuna watoto wasiopaswa kuguswa hivyo mpaka pumzi zao zitulie, na anayejua ni muuguzi aliye naye.

Muuguzi huyo ndiye shida yetu. Wataalamu wa usemi na kumeza, ambao hii ndiyo kazi yao, Afrika ya Mashariki ilikuwa haiwasomeshi kwa shahada mpaka Makerere ilipoanza mwaka 2008. Waliopo ni wachache mno kwa idadi ya watoto. Kwa hivyo kazi inamwangukia muuguzi wa zamu, na yeye ana watoto wengi na usiku mmoja.

Mwaka 2019 jirani yetu mmoja hapa Bububu, binti ninayemwita mwanangu, alijifungua wiki ya 31, mtoto wa kiume wa kilo 1 na gramu 400. Alikaa na mpira wiki tatu. Mama mkwe wake, mtu mwema na mwenye huruma, alikuja akamtazama mjukuu akalia. Akasema, "Mwanangu, huyu ana kimeo. Usipoteze wakati, fundi nimekwisha mjua." Binti akamjibu, "Mama, nakuomba siku saba. Zikipita, nitakusikiliza." Kumbe muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alikuwa amekwisha mwonesha namna ya kidole, akasimama naye mpaka mkono wake ukaacha kutetemeka. Mama mkwe akaoneshwa na yeye. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akipanda daladala nambari 502 kila asubuhi kuja kushika zamu ya kidole na kikombe, binti apate kulala. Siku ya saba mtoto alikuwa akilamba kikombe. Ziwa alilishika baada ya siku nyengine tisa. Habari za fundi hazikutajwa tena, na mimi sikuzitaja pia, kwani ingekuwa kumvunjia heshima.

Aliponihadithia hayo, mama mkwe yule aliongeza neno lililonikalisha. Alisema kwamba alipooneshwa kidole alikumbuka kuwa bibi yake, aliyekuwa akizalisha watoto huku shamba, alikuwa akifanya kitu kama hicho, ila watu walikuwa hawaulizi.

Nikaanza kuuliza mimi. Nimepata mpaka sasa maelezo matatu, mawili ya hapa Bububu na moja la Kizimbani, yote kutoka kwa wanawake waliopindukia miaka 75. Wote watatu wanasema mtoto mdogo aliwekwa kifuani ndani ya kanga na hakutolewa kwa wageni. Wote wanasema maziwa yalikamuliwa. Wanapotofautiana ni kwenye kidole: wawili wanasema kilichovywa kwanza katika maziwa, na mmoja anashikilia kwamba kidole kilikuwa kikavu, mtoto akavuta bure mpaka apate nguvu, ndipo akapewa maziwa kwa kijiko. Tofauti hiyo si ndogo. Kidole kikavu ni ule mvuto wa kujiliwaza wa akina Wolff, na mkunga wa Unguja aliyeutumia hakupata kuandikwa popote.

Kwa hivyo wenye bibi au shangazi aliyewahi kuzalisha, khasa Donge, Makunduchi na Kizimkazi, muulizeni wakati angali nasi, mniandikie kwa anuani ya gazeti hili. Muulizeni kidole kilikuwa kikavu au kilichovywa, cha mkono gani, na nani aliyemfundisha. Muandike na mwaka, kama anaukumbuka.